Sauti Sita, Hakuna Nyota

Wakubwa zangu, shikamooni. Walimu wenzangu wa kwaya, waimbaji wa sauti ya kwanza hadi ya nne, na ninyi vijana wa mitambo mliohangaika na spika tangu asubuhi, habari za jioni.

Niliombwa nizungumze juu ya kupanga sauti, na nadhani waandaaji walitarajia nizungumzie nyimbo zetu wenyewe. Naomba radhi. Jioni hii nawapeleka mbali, Los Angeles, Marekani, katika miaka ya 60, kwa kundi la vijana wa muziki wa pop ambao nimewapenda karibu maisha yangu yote. Nikilitaja jina lao watu hunitazama tu, kana kwamba nimetaja kijiji kisichokuwepo kwenye ramani. Wanaitwa The Association.

Lakini nianze na fundi redio. Nilikuwa darasa la sita, baba akanituma nikachukue redio yetu kwa fundi aliyekuwa na kibanda karibu na stendi. Nikaikuta bado iko wazi, matumbo nje. Fundi akachomeka kanda asikie kama spika imepona. Kanda yenyewe ilikuwa mchanganyiko wa nyimbo za Kizungu, haina hata karatasi ya majina. Likaanza gitaa la besi, noti chache tu zinazojirudia taratibu kama mtu anayepanda ngazi bila haraka. Kisha zikaingia sauti za wanaume. Maneno sikuyaelewa. Nilichosikia ni kwamba sauti zilikuwa nyingi, na papo hapo zilikuwa moja. Wakati ule nilikuwa naimba sauti ya pili kwenye kwaya ya watoto, kwa hiyo nikafanya alichozoea kufanya kila mwimba sauti ya pili: nikaitafuta sauti yangu mle ndani. Nikaipata. Ikanipotea. Nikaikuta tena mahali pengine kabisa, imepanda juu ya sauti ya kwanza. Nikamwuliza, "Fundi, hawa ni akina nani?" Akanijibu bila kuinua macho kwenye waya aliokuwa anaulehemu: "Hao? Wazungu tu."

Nilitembea na wimbo ule zaidi ya miaka ishirini bila kulijua jina lake. Nilikuwa nauimba jikoni, nauimba njiani, bila maneno, sauti ya pili peke yake. Leo najua kwamba ulikuwa "Never My Love", wa mwaka 1967. Tena najua kwamba fundi yule hakuwa na kosa, kwa sababu hata huko kwao wapo watu chungu nzima wanaoujua wimbo mwanzo hadi mwisho na hawawezi kumtaja mwimbaji wake hata mmoja. Nimelifikiria sana jambo hili, na nina jibu langu. Hawa watu walisahauliwa kwa sababu walifanya kwa ukamilifu kile kile ambacho sisi walimu tunakidai kila jioni ya mazoezi: mtu asitokeze.

Tuwaone basi. Mwanzoni mwa mwaka 1965 palikuwa na kundi kubwa la watu 13 mjini Los Angeles, lililojiita The Men. Likavunjika. Baadhi yao wakaunda kundi jipya, na hatimaye wakawa sita: Terry Kirkman, Jules Alexander, Russ Giguere, Jim Yester, Brian Cole na Ted Bluechel. Wakajifungia miezi kadhaa wakifanya mazoezi kabla ya kusimama mbele ya watu. Hapo nawaomba walimu tutue kidogo. Miezi kadhaa, bila onyesho, bila senti, kwa kazi ya kulinganisha sauti tu! Sisi tukipata wiki tatu kabla ya Pasaka tunaona tumebarikiwa.

Jina nalo lina kisa chake. Walitaka kujiita The Aristocrats. Mke wa Kirkman akafungua kamusi atazame maana ya neno hilo, na katika kupekua kurasa jicho likatua kwenye neno jingine: association, yaani ushirika, chama cha watu walioungana. Likakaa. Mimi huwa naliona kama jina lililowachagua wao, maana lile la kwanza ni la mabwana wakubwa na hili la pili ni la watu waliokaa chini wakaafikiana.

Mwaka 1966 wakatoa wimbo uliowatambulisha, "Along Comes Mary", uliotungwa na Tandyn Almer. Ni wimbo wa kasi, maneno yanamiminika kama maharage yanayomwagwa kwenye sufuria, na wengi waliuchukulia kuwa wa kuchezea tu. Aliyeusikia kwa sikio la mwalimu alikuwa Leonard Bernstein, kiongozi wa okestra ya New York Philharmonic. Mwaka ule ule, katika vipindi vyake vya televisheni vya kuwafundisha watoto muziki, alieleza habari za modi, zile ngazi za kale za sauti, na wimbo huu akautumia kuwa mfano wa modi ya Doria.

Hebu sauti ya tatu simameni. Imbeni do, re, mi, fa, sol, la, ti, do. Asanteni. Hiyo kila mtu anaijua, imenyooka kama barabara ya lami. Sasa anzeni re, muishie re, msibadilishe kitu kingine chochote. Re, mi, fa, sol, la, ti, do, re. Mmesikia? Si huzuni, wala si furaha. Mnaanza kama mnaomboleza, mkifika kwenye ile ti ni kama mtu amefungua dirisha katika chumba cha msiba. Hiyo ndiyo Doria. "Dies irae", ule wimbo wa kale wa Kilatini wa misa ya wafu, umesimama juu ya ngazi hiyo hiyo. Basi vijana wa pop, na gitaa zao na suti zao, walikuwa wamekaa juu ya kiti alichokalia mtawa wa zama za kale, na redio zikawapiga kati ya matangazo ya sabuni na magari.

Baada ya huo ukaja "Cherish". Huu aliutunga Kirkman mwenyewe, ukashika namba 1 Marekani kwa wiki tatu, Septemba na Oktoba 1966. Kwangu mimi huu ni kilele chao, na naomba mnivumilie nikae nao.

Watu wengi wanaupiga kwenye arusi. Wakisikiliza maneno watashtuka, kwa sababu anayeimba hakupendwa. Anatafuta neno la kumweleza mtu hisia zake, anajua kwamba hata akilipata halitasaidia, na kwamba wako wengine wengi wanaomtamani yule yule. Ni wimbo wa mtu aliyekwisha kujua jibu. Sasa tazameni sauti zilivyopangwa. Sauti kuu imepewa sentensi ndefu mno, sentensi ambayo mtunzi mwingine angeikata mara tatu, nayo inaenda inaenda, inatafuta pa kutua. Nyuma yake wenzake hawakai kimya kusubiri kiitikio kama kwaya zetu zinavyosubiri. Wanamshika mkono. Wanapanda anaposhuka. Karibu na mwisho wimbo mzima unahama ufunguo na kupanda juu, na hapo ndipo roho yangu huwa inaniuma, maana muziki unapanda na hali ya yule mpenzi haijapanda hata kidogo.

Kuna jambo dogo zaidi. Sikilizeni mwisho wa neno lenyewe, ile "sh" ya "cherish". Sisi Kiswahili chetu kimetulea vizuri, karibu kila neno linaishia kwenye irabu, unaweza kulivuta hadi pumzi ikatike na hakuna anayeumia. Ndiyo maana tukiimba Kilatini tunaumbuka. Tukifika kwenye "excelsis" kila mtu anaifunga "s" yake kwa wakati wake, inasikika kama tairi linalotoka upepo. Wasikilizeni hawa. Watu wanafunga "sh" moja, mara ile ile, laini, kama mlango uliofungwa na mtu mmoja asiyetaka kumwamsha mtoto. Nilipoligundua hilo niliurudia mstari ule mmoja hadi mke wangu akaja kuuliza kama mashine imeharibika.

Na waliutetea wimbo wao. Redio za wakati ule hazikupenda wimbo unaozidi dakika 3, na "Cherish" ulizidi. Waliondoa mstari mmoja uliorudiwa mwishoni, bado ukazidi. Prodyuza wao, Curt Boettcher, badala ya kuendelea kuukata, akaandika kwenye lebo ya santuri kwamba una dakika 3 kamili. Sina moyo wa kumlaumu.

Sasa nije kwenye lawama zilizowapata, maana zipo, na zimewaumiza hadi leo.

Juni 1967 lilifanyika tamasha kubwa la Monterey, California, siku tatu, tarehe 16 hadi 18. Wapenzi wa muziki wanalikumbuka kwa Jimi Hendrix aliyelichoma gitaa lake moto, kwa Janis Joplin, kwa Otis Redding, kwa Ravi Shankar. Hata Hugh Masekela wa Afrika Kusini alikuwepo na tarumbeta yake. Waliofungua tamasha, kundi la kwanza kabisa kupanda jukwaani Ijumaa jioni, walikuwa The Association. Walipanda wamevaa suti, wakaanza kwa igizo, kila mmoja akijitambulisha kama kipande cha mashine moja. Filamu maarufu ya tamasha lile ilipotoka, wao hawakuwemo. Moto uliwekwa, suti ziliachwa.

Ninaielewa kamera. Kamera inatafuta uso. Inamtafuta mtu mmoja anayelia, anayepiga magoti, anayevunja kitu. Ukiielekeza kwa watu waliosimama mstari mmoja wakisikilizana, haioni kitu, kwa sababu jambo lenyewe linatokea masikioni mwao. Na wao wenyewe hawakuisaidia. Wimbo huu anaongoza Kirkman na Giguere, ule anaongoza Giguere na Larry Ramos, mwingine Ramos na Kirkman. Ukiuliza nani kiongozi wa kundi, hakuna. Lile igizo la mashine watu waliliona mzaha, lakini mimi nasema hakuna siku walijieleza kwa ukweli kuliko ile. Wahenga wetu wanasema chema chajiuza, na kweli kilijiuza, wiki mbili tu baada ya Monterey walikuwa namba 1 tena. Ila mteja aliondoka na bidhaa bila kumtazama muuzaji usoni.

Lawama ya pili: kwamba kwenye santuri hawakupiga vyombo wenyewe. Ni kweli kwamba katika albamu yao ya 1967, "Insight Out", chini ya prodyuza Bones Howe, vyombo vingi vilipigwa na mafundi wa studio wa Los Angeles: Hal Blaine kwenye dramu, Joe Osborn kwenye besi, Larry Knechtel kwenye kinanda. Lakini mafundi hao hao walipiga kwenye santuri za nusu ya mji, zikiwemo za Beach Boys na za Simon na Garfunkel, na hao hakuna aliyewavua heshima. Jukwaani The Association walipiga wenyewe. Na nawauliza ninyi, kwaya inayosindikizwa na mpiga kinanda mgeni imeacha kuwa kwaya? Lile gitaa la besi lililonisimamisha kibandani kwa fundi lilikuwa la Joe Osborn. Namshukuru. Lakini sikutembea miaka ishirini nikiimba besi.

Huyu Larry Ramos nimemtaja juu juu, na anastahili zaidi. Jules Alexander aliondoka mwaka 1967 akaenda India kutafuta utulivu wa nafsi, na Ramos akachukua nafasi yake. Alikuwa mtu wa asili ya Kifilipino, mzaliwa wa kisiwa cha Kauai huko Hawaii, na kabla ya hapo aliimba na New Christy Minstrels. Fikirieni Marekani ya mwaka 1967, na sauti inayoongoza wimbo namba 1 wa nchi ikiwa ya mwana wa Wafilipino. Wimbo huo ni "Windy". Uliandikwa na msichana aitwaye Ruthann Friedman, mwendo wake wa awali ulikuwa wa tatu-tatu kama valsi, studio wakaubadilisha kuwa wa nne-nne. Walirekodi sauti hadi usiku ukaisha, na mwishoni, walipochoka kabisa, waliokuwepo wakaingia kusaidia kuimba, akiwemo mtunzi mwenyewe. Ndiyo maana ule mwisho unasikika kama mtaa mzima umetoka barazani. Ni wimbo mtamu, lakini kwangu hauna kina cha "Cherish", kwa hiyo naupita.

Nitasema na kosa lao, maana nisiposema mtadhani nimepofuka. Bones Howe alimwomba kijana mtunzi Jimmy Webb awaandikie kazi ndefu. Webb akaleta kantata, ambayo ingechukua zaidi ya dakika 20 za albamu. Wakaikataa. Sehemu yake moja ilikuwa "MacArthur Park", ambayo Richard Harris aliiimba mwaka 1968 ikafika namba 2 na kuzunguka dunia. Watu huwacheka kwa hilo. Mimi siwacheki. Karibu kila mmoja wao alikuwa mtunzi, na kuipokea kazi ile kungemaanisha nyimbo zao wenyewe ziwekwe kando. Kundi lisilo na bwana mkubwa huamua hivyo, kila mtu ana sauti, na mara nyingine kura inaangukia pabaya. Lakini namlilia yule mpenzi wa muziki ndani yangu ambaye angeisikia kantata ile kwa sauti zao.

Turudi kwenye wimbo wangu. "Never My Love" uliandikwa na ndugu wawili, Don na Dick Addrisi. Kwenye chati ya Billboard ulifika namba 2 Oktoba 1967, haukufika namba 1. Lakini mwaka 1999 shirika la BMI, linalokusanya mirabaha ya watunzi, lilipotoa orodha ya nyimbo zake zilizopigwa zaidi kwenye redio na televisheni za Marekani katika karne ya 20, huu ulikuwa wa pili, zaidi ya mara milioni 7. Milioni saba! Na ukimsimamisha mtu barabarani ukamwuliza wa nani, atakujibu kama fundi wangu.

Umejengwa kwa maswali. Mpenzi mmoja ana wasiwasi: je, itafika siku utanichoka? Je, utaondoka? Na kila swali linajibiwa kwa maneno yale yale, hapana, kamwe, mpenzi wangu. Kwetu wa kwaya huu ni mtindo wa kuitikizana, tumeuzoea. Ila angalieni jibu linavyotolewa. Mtu mwingine angepaza sauti ili aaminike. Hawa wanashusha. Sauti zinasogea karibu karibu hadi ukikaa kimya unasikia pumzi kabla ya neno. Mwalimu wangu wa kwanza wa kwaya alikuwa akituambia kwamba kuimba kwa nguvu kila mtu anaweza, kazi iko kwenye kuimba taratibu bila sauti kuzama. Sikumwelewa hadi nilipokuwa mtu mzima na wimbo huu masikioni.

Baadaye yao naieleza kwa ufupi. Wakati ulibadilika, muziki ukawa mzito, sauti laini zikaonekana za wazee. Brian Cole, mwenye besi, alikufa Agosti 1972 kwa heroini, hajatimiza miaka 30. Larry Ramos alikufa mwaka 2014. Terry Kirkman, mtunzi wa "Cherish", alifariki Septemba 2023 akiwa na miaka 83. Waliingizwa katika jumba la heshima la makundi ya waimbaji mwaka 2003. Lile jumba kubwa la heshima la rock and roll halijawaita.

Sasa nimekuja na kitu. Santuri hii ndogo niliyoishika ni "Never My Love" yenyewe, niliinunua imetumika, ina mikwaruzo, na mzee wetu pale mbele ametuazima mashine yake ya kuipigia. Asante sana, mzee. Upande wa kwanza mnaujua tayari, nimewachosha nao. Nataka msikie upande wa pili, ambao redio hazikuupiga sana. Aliutunga Kirkman, unaitwa "Requiem for the Masses". Ilikuwa 1967, vijana wa Marekani walikuwa wanarudishwa kutoka Vietnam ndani ya majeneza. Kwenye mgongo wa wimbo wao mtamu kuliko yote, hawa vijana wa suti waliweka misa ya wafu.

Maneno yake yanaanza kwa Kilatini, "Requiem aeternam", maneno ambayo sisi tunayaimba kila tunapozika: raha ya milele uwape, ee Bwana. Katikati kijana aliyekufa anaelezwa kwa rangi, nyekundu ya damu yake, nyeupe ya ngozi yake isiyo na uhai, buluu ya mbingu. Mzipange pamoja mtaona ni bendera gani. Kisha inatajwa nyeusi na nyeupe, rangi za gazeti, ambako alibaki kuwa habari tu. Mtasikia pia "Kyrie eleison", Bwana utuhurumie, na hapo nawaomba walimu msikilize jinsi sauti ya chini inavyobeba.

Kijana wa mitambo, punguza taa kidogo. Shusha sindano taratibu, mikwaruzo isikutishe. Mtaisikia ngoma ya kijeshi, halafu Kilatini. Waimba sauti ya pili, jitafuteni mle ndani.